Pampu Ndogo ya Maji: Kabla Hamjasema Imekufa



Barua nyingi zinazofika ofisi ya miradi kuhusu maji zina sentensi inayofanana: pampu imekufa, tunaomba nyingine. Mara nyingi tukifika mahali penyewe tunaikuta pampu ni nzima. Kilichokufa ni fyuzi, au waya umeliwa na kutu, au kichujio kimejaa mchanga. Wakati huo muuguzi amekwisha kukaa majuma matatu akibeba ndoo usiku kuingiza maji katika chumba cha kujifungulia, tochi ya simu ikiwa mdomoni. Kwa sababu hiyo tumeona vema katika toleo hili tueleze kwa kirefu jinsi pampu hii inavyofanya kazi, namna ya kutafuta ubovu wake, na namna ya kuibadilisha pale inapolazimu. Tunaandika kwanza kwa ajili ya kamati za sharika na za zahanati. Lakini marafiki wanaochangia miradi yetu nao wasome, hasa wale wanaopenda kutubebea vifaa katika masanduku yao ya safari.

Pampu tunayoizungumzia

Hatuzungumzii pampu ya mkono, wala pampu kubwa ya kisima kirefu cha kijiji. Hizo zina wenyewe: ziko chini ya chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kwa usimamizi wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai 2019. Ubovu wake upelekwe huko. Sisi tunazungumzia pampu ndogo ya volti 12 inayotumia betri, ambayo kwa ukubwa haizidi chupa ya chai.

Watu wa Kisaki wameiona pampu hii bila kuitambua. Baadhi ya watalii wanaopita pale kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwa lango la Matambwe huja na magari yenye kitanda, jiko na sinki ndani yake. Mgeni akifungua bomba la sinki unasikia mlio chini ya kiti na maji yanatoka. Akifunga, mlio unakoma. Kinacholia ni pampu hiyo. Ilibuniwa kwa ajili ya magari na boti, mahali ambapo hapana mnara wa tangi wala umeme wa nyumbani, na hali ya zahanati nyingi za vijijini haina tofauti kubwa na hiyo.

Wengine hutuuliza kwa nini tusijenge mnara tu. Zahanati nyingi za upande wa kusini wa Uluguru huvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la bati. Mfereji wa paa uko mita mbili na nusu hivi kutoka ardhini, kwa hiyo tangi ni lazima likae chini ya mfereji. Simtanki ya lita 2,000 ina kimo cha mita moja na nusu hivi. Ikiwa imejaa, maji yatafika kwenye bomba la sinki kwa kudondoka; ikifika nusu hayafiki kabisa. Mkijenga mnara, maji ya paa hayatapanda huko yenyewe. Pampu ndogo inamaliza tatizo hilo: tangi linakaa chini kwenye jukwaa fupi la tofali, pampu inasukuma maji moja kwa moja hadi kwenye bomba la chumba cha kujifungulia na sinki la muuguzi.

Wengi huogopa kwamba itamaliza betri. Hesabu yake ni hii. Pampu ya kawaida ya aina hii hutoa lita 7 hadi 11 kwa dakika na hutumia ampea 7 hivi inapofanya kazi. Zahanati ikitumia lita 300 kwa siku, pampu ya lita 11 itafanya kazi chini ya nusu saa kwa jumla, na itatumia wati-saa 38 hivi. Taa tatu za wati 4 zikiwaka saa nne jioni zinatumia 48. Kwa hiyo mkiona betri inaisha kila siku, msiilaumu pampu kabla hamjahesabu simu zinazochajiwa pale na televisheni ya mtumishi. Betri ya maji tungependa ibaki ya maji, ingawa tunajua kwamba katika kijiji kisicho na umeme neno hilo ni gumu kulisimamia.

Ndani yake kuna nini

Kamati ikielewa jambo hili moja, mengine yote yatakuwa rahisi. Mota inazungusha kipande cha chuma kilichowekwa pembeni kidogo ya katikati, hivyo kinayumba. Kuyumba kwake kunasukuma na kuvuta viwambo vya mpira, vitatu au vinne, kwa zamu. Kiwambo kikirudi nyuma kinavuta maji kutoka tangini. Kikienda mbele kinayasukuma kwenye bomba. Kila chumba kina valvu ndogo za mpira zinazoruhusu maji yaende upande mmoja tu.

Juu ya kichwa cha pampu kuna swichi ya presha. Mtu akifunga bomba, maji hayana pa kwenda, presha inapanda, na ikifika bar 2.8 hivi swichi inakata umeme. Bomba likifunguliwa na presha ikashuka hadi bar 1.7 hivi, swichi inawasha tena. Viwango hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji na vimeandikwa kwenye kibandiko chake. Kwa kulinganisha, bar 1 inatosha kusukuma maji mita 10 kwenda juu. Ndiyo maana pampu hii ikitumiwa kujaza tangi la juu lililo wazi haitajizima hata tangi likifurika, maana presha ya kuizima haipatikani kamwe. Matumizi ya namna hiyo yanahitaji swichi ya boya. Tumeona mahali maji ya mvua ya mwezi mzima yakimwagika usiku mmoja kwa kukosa boya.

Basi kuna pande tatu za kuchunguza: umeme unaoingia, maji yanayovutwa, na maji yanayosukumwa. Tunawaomba mafundi wetu wazifuate kwa utaratibu huo, kwa sababu upande wa umeme ndio wenye makosa mengi na ndio usiohitaji kufungua bomba lolote.

Ikiwa haitoi sauti yoyote

Fungueni bomba, msikilize. Pampu ikiwa kimya kabisa, anzeni kwenye betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 11.8 haina kitu. Siku za mawingu za masika betri ikishuka, kidhibiti chaji hukata umeme wenyewe ili kuilinda. Pampu iko salama, inangoja jua. Pia angalieni ukubwa wa kidhibiti chenyewe. Kile kidogo cha ampea 5 hakiwezi kubeba pampu ya ampea 7 ambayo wakati wa kuanza huvuta zaidi, hivyo kinakata kila mara na watu wanadhani pampu ni mbovu.

Kisha fyuzi. Inatakiwa iwe kwenye waya mwekundu karibu na betri, na ukubwa wake ni ule ulioandikwa kwenye pampu, mara nyingi ampea 10. Ikiwa imekatika, wekeni nyingine ya namba ileile. Hapa tuseme kwa ukali kidogo: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara si fyuzi, wala kipande cha waya si fyuzi. Betri ya gari au ya sola ina nguvu ya kuyeyusha waya na kuwasha dari, na jengo lenyewe lina wagonjwa ndani.

Fyuzi ikiwa nzima, fuateni waya hadi kwenye pampu. Upande wa Kisaki joto ni kali na panya ni wengi. Tumekuta waya umetafunwa ndani ya ukuta wa mbao. Maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kufunikwa na selotepu huota kutu ya kijani katika msimu mmoja. Kama mna mita ya umeme, pimeni kwenye waya za pampu bomba likiwa wazi. Kama hamna, tumieni balbu ya taa kubwa ya gari yenye wati 55. Balbu ndogo ya kiashiria itawadanganya, kwa kuwa inawaka hata kwenye ungio bovu. Balbu ya wati 55 inavuta umeme unaokaribia ule wa pampu, kwa hiyo ungio likiwa bovu itafifia mbele ya macho yenu.

Umeme ukifika vizuri na pampu bado iko kimya, gusanisheni kwa muda mfupi waya mbili zinazoingia kwenye swichi ya presha. Pampu ikinguruma, mbovu ni swichi peke yake, nayo huuzwa peke yake kwa aina nyingi za pampu. Ikibaki kimya, igongeni taratibu ubavuni kwa mpini wa bisibisi. Ikianza, makaa ya mota yamekwisha, na hapo ni vema kutafuta pampu nyingine mapema kabla haijawaacha.

Jambo moja zaidi: pampu hizi hazikutengenezwa kufanya kazi mfululizo. Nyingi zina kinga ndani inayozima mota ikipata moto sana. Mkiitumia kujaza madumu saa nzima mchana wa jua kali, itazima. Iacheni ipoe kivulini kwa nusu saa. Kuna kamati ilikwisha kuifungua na kuifunga kwenye boksi ili ipelekwe Morogoro mjini, na ilipofika ikawaka mara ya kwanza ilipojaribiwa.

Ikiwa inalia lakini maji hayatoki

Hapa umeme hauna kosa. Tatizo liko upande wa kuvuta. Tusichoke kusema: kwanza tazameni kama tangi lina maji, na kama koki ya tangi iko wazi. Kisha kichujio kidogo kilicho mbele ya pampu. Kina kifuniko cha plastiki angavu na wavu mwembamba ndani. Maji ya paa huleta majani, vumbi na mabuu. Na wakati wa kiangazi, tangi la mvua likiisha, wanakijiji hulijaza kwa ndoo kutoka mtoni. Maji ya Mgeta yana mchanga laini ambao huziba wavu huo kwa siku chache. Muuguzi au mlinzi anaweza kuufungua kwa mkono, kuuosha na kuurudisha. Mara moja kwa juma wakati wa kiangazi, mara moja kwa mwezi wakati mwingine, inatosha. Msiuondoe kabisa eti maji yapite vizuri, kwani punje moja ya mchanga ikikaa chini ya valvu ya mpira pampu itanguruma bila kuvuta.

Mkiona povu au mapovu madogo yakipita kwenye kifuniko angavu cha kichujio, au bomba likitema maji na hewa kwa zamu, pampu inavuta hewa mahali fulani. Penye tundu la hewa upande wa kuvuta mara nyingi hapavuji maji, ndiyo sababu mafundi huhangaika. Tazameni oringi ya kichujio kama imekaa sawa, klipu za mpira kama zimekazwa, na mpira wenyewe kama haujapasuka. Mpira laini wa bustani haufai upande huu, kwa kuwa pampu ikivuta unajibana kama mrija wa soda.

Kipimo tunachokipenda kuliko vyote ni cha ndoo. Fungueni mpira wa kuvuta kwenye pampu, wekeni kipande kingine kifupi kizima, chovyeni ndani ya ndoo ya maji safi iliyo karibu, mwashe. Ikivuta vizuri, pampu ni nzima na kosa liko kati yake na tangi. Isipovuta, mimineni maji kidogo ndani ya mdomo wake wa kuingizia na mjaribu tena. Pampu iliyokaa miezi bila kazi hukauka valvu zake zikagandamana, na maji kidogo huzirudishia uhai. Ikishindwa hata baada ya hapo, fungueni kichwa chake mtazame valvu na viwambo.

Ikiwa haizimi, au inawaka yenyewe usiku

Mabomba yote yamefungwa na bado inalia, au inalia sekunde mbili kila baada ya dakika kadhaa usiku kucha. Kuwaka kidogo kidogo maana yake presha inashuka polepole: kuna bomba linadondoka, au ungio linavuja ukutani, au valvu ndani ya pampu inaruhusu maji kurudi tangini. Ili kujua ni ipi, fungeni koki iliyo mara baada ya pampu. Mlio ukikoma usirudi, pampu haina kosa. Tafuteni unyevu kwenye kuta na chini ya masinki. Ukiendelea, tatizo ni la pampu. Mfumo usio na koki hiyo tunashauri uwekewe, maana kipande hicho kidogo huokoa siku nzima ya kubomoa.

Sababu ya pili ya pampu kutozima tunaieleza kwa urefu kwa sababu imewagharimu watu wengi fedha. Ni waya mwembamba. Katika zahanati moja pampu mbili zilibadilishwa ndani ya mwaka mmoja, zote zikidaiwa kuwa dhaifu. Betri ilikuwa mita 10 kutoka kwenye pampu, na waya uliotumika ulikuwa ule wa kuunganishia spika za redio. Umeme husafiri mita 10 kwenda na 10 kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 na ampea 7, volti zaidi ya 3 hupotea njiani. Betri inatoa 12.4, pampu inapata 9. Inazunguka kivivu, presha haifiki kiwango cha kuzimia, inaendelea kulia hadi inaungua. Kwa waya wa 2.5 inayopotea ni karibu volti 1. Kwa waya wa 6 haifiki hata nusu. Kwa umbali huo sisi tunaagiza wa 6, au tunasogeza betri. Pampu ya tatu pale ilifungwa pamoja na waya mpya, nayo imezima vizuri tangu siku ya kwanza. Na zile mbili zilizotupwa stoo, moja ilipojaribiwa kwa waya mfupi ilikuwa nzima.

Dalili za kifo cha kweli ni chache. Maji yakidondoka kati ya kichwa na mota, kiwambo kimepasuka. Kama mtengenezaji anauza kichwa peke yake nunueni kichwa, la sivyo pampu mpya. Fyuzi sahihi ikikatika hata pampu ikiunganishwa peke yake kwenye betri, mota imeungua au imekwama. Na ikipata volti 12 kamili kwenye waya zake, swichi ikiwa imerukwa, ikakaa kimya na baridi, basi hiyo imekwisha.

Kubadilisha

Kazi hii fundi bomba wa kijiji anaiweza kwa saa mbili, akiwa na bisibisi, plaizi na kisu. Kwanza pigeni picha kwa simu ya jinsi ilivyofungwa, waya na mipira. Fungeni koki ya tangi. Ondoeni fyuzi kabla ya kugusa waya wowote. Fungueni bomba moja ili presha itoke, wekeni beseni chini, kisha tenganisheni.

Pampu mpya isomwe kibandiko chake kabla haijafunguliwa kwenye boksi, hasa dukani: volti 12, lita 7 hadi 11 kwa dakika, presha ya kuzimia karibu na ile ya zamani, na iwe imeandikwa kuwa ni ya maji ya kunywa. Madukani kuna pampu zinazofanana nayo kabisa ambazo ni za mashine za kupulizia dawa mashambani. Bei yake huvutia, lakini presha yake ni kubwa na mipira yake haikukusudiwa maji ya kunywa. Pampu iliyokwisha kutumika kwa dawa za mimea isiingie kwenye zahanati hata kwa bure.

Ifungwe karibu na tangi, isiwe juu kuliko maji kama inawezekana, mahali pakavu penye kivuli. Ikisimamishwa ukutani, mota iwe juu na kichwa chini, ili siku kikivuja maji yasiingie ndani ya mota. Miguu yake ya mpira isikazwe hadi ikabonyea, maana ndiyo inayozuia mtikisiko na kelele. Mshale wa kichwani uelekee kwenye mabomba, na kichujio kiwe upande wa tangi. Unganisheni kwa mpira mgumu wa kupindika wa nusu mita kila upande, wala si bomba la plastiki moja kwa moja, kwani mtikisiko hulipasua. Viungio vya plastiki vyenye oringi au washa vikazwe kwa mkono tu, bila tepu. Fundi mwenye nguvu na spana kubwa amevunja vichwa vya pampu vipya mbele yetu.

Waya mwekundu uende chanya, mweusi hasi, kwa viungio vya skrubu au vya kubana. Vichwa vya betri visafishwe na kupakwa mafuta ya mgando. Fyuzi irudi mwisho wa yote. Fungueni koki ya tangi, fungueni bomba la mbali kuliko yote, mwashe, mwache hewa itoke hadi maji yatiririke bila kutema, ndipo mfunge. Pampu izime ndani ya sekunde chache. Kaeni kimya robo saa mkisikiliza.

Mabomba yakiwa yamefunguliwa ni lazima yasafishwe. Kwenye ndoo ya lita 20 wekeni vijiko vikubwa viwili vya dawa ya klorini ya maji ya asilimia 3.5, ile ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato. Pampu ivute kutoka ndoo hiyo hadi harufu isikike kwenye kila bomba. Fungeni, acheni saa nne au usiku mzima, kisha suuzeni kwa maji ya tangi mpaka harufu iishe. Maji hayo ya dawa yasinywewe, na wauguzi waambiwe mapema.

Vipuri na michango

Mkoa wetu si mgeni wa pampu. Kuanzia 1978 mradi wa visima vifupi uliofadhiliwa na Uholanzi, makao yake yakiwa Morogoro, ulichimba visima na kufunga pampu za mkono katika vijiji vingi. Wanakamati wa umri wetu wanakumbuka pampu imara ya chuma iliyosimama kwa kukosa kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Pampu hizi ndogo zinaweza kuishia hivyohivyo, tena haraka zaidi, kwa kuwa kila msafiri huleta ya aina yake.

Kwa hiyo kwa marafiki wanaotaka kuchangia: tuandikieni kwanza. Tungependa zahanati zote za dayosisi zitumie aina moja, yenye vipuri vinavyopatikana Morogoro au Dar es Salaam, ili kichwa cha pampu ya Matombo kiweze kuingia kwenye pampu ya Kisaki. Anayeleta pampu alete na swichi ya presha ya akiba, seti ya valvu na kiwambo, na viungio vya nusu inchi. Na kama mchango ni fedha, sehemu yake iruhusiwe kununua waya mnene na fyuzi, vitu ambavyo havipigwi picha nzuri kwa ajili ya taarifa.

Kwa kamati: barabara ya kutoka Morogoro mjini kupitia Mvuha hadi Kisaki ni zaidi ya kilomita 100, na wakati wa masika kuna siku haipitiki. Pampu ikiharibika Aprili, fundi wa mjini anaweza kufika Juni. Zahanati iliyo mbali hivyo iwe na pampu moja ya akiba ndani ya kabati la muuguzi mkuu, pamoja na fyuzi tano, oringi na klipu. Kabati, si stoo, kwa sababu stoo ina nyigu wanaojenga ndani ya midomo ya pampu; midomo hiyo izibwe kwa vifuniko vyake.

Na mnapotuandikia kuomba pampu, tafadhali tajeni mambo haya: volti za betri asubuhi, volti kwenye waya za pampu inapojaribu kufanya kazi, matokeo ya kipimo cha ndoo, urefu na unene wa waya, na maneno yote yaliyo kwenye kibandiko, au picha yake. Barua yenye majibu hayo tunaishughulikia juma hilohilo.